Nani ameshika ufunguo wa mtambo? Jibu kwa fundi wa sola wa Fort Worth

Swali limetoka kwa fundi wa umeme anayeishi Fort Worth, Texas. Ni mzaliwa wa Uvira, Kongo, alikaa miaka mingi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuhamishiwa Marekani, na sasa ana kadi ya makazi ya kudumu. Ana kampuni ndogo na mwenzake, raia wa Iran ambaye naye ana kadi hiyo hiyo. Yeye ana hisa 55 kwa mia na mwenzake 45. Mkandarasi mkuu wa shamba la sola lenye betri amewapa kazi ya kuvuta nyaya za nguvu na za mawasiliano na kufunga vifaa vya kukusanyia data za inveta (mashine zinazogeuza umeme wa paneli na betri uweze kuingia kwenye nyaya za jimbo), vifaa ambavyo wamevinunua wenyewe na vimetengenezwa China. Kabla ya kusaini, amewaletea fomu inayouliza uraia wa wenye kampuni, makao makuu yao, na kama wananunua chochote kutoka kampuni za China, Iran, Korea Kaskazini au Urusi. Anaandika: "Kaka mhandisi, watu wananiambia Texas imekataza wageni kwenye umeme. Mwenzangu amesema yuko tayari kujitoa ili mimi nipate kazi. Na vile vifaa tumeshavilipia. Tufanye nini?"

Ndugu yangu, kwanza mpigie mwenzako simu umwambie asijitoe popote kabla hamjasoma hili hadi mwisho. Hiyo ndiyo hasara kubwa ninayoiona kwenye barua yako, na inatokana na maneno ya mtaani.

Wewe uliyezaliwa Uvira, sheria ya Texas ya 2021 ya kulinda miundombinu, umeme ukiwemo, haikugusi. Kongo haimo, Burundi haimo, Tanzania haimo. Nchi zilizotajwa kwa majina ni hizo nne ulizoziona kwenye fomu, na gavana amepewa uwezo wa kuongeza nyingine akishashauriana na mkuu wa usalama wa umma wa jimbo. Wanaokuambia kwamba wageni wamekatazwa nadhani wanachanganya na sheria ya ardhi na nyumba iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2025, ambayo nayo inahusu watu na kampuni za nchi hizo hizo, na inawaacha nje wenye makazi ya kudumu halali. Ya umeme ni nyingine, ni ya zamani zaidi, na ina kipimo chake.

Jina lake ni Lone Star Infrastructure Protection Act. Lone Star, nyota moja, ndilo jina la utani la Texas kwa sababu ya bendera yake. Ilipitishwa na Bunge la jimbo mwaka 2021 na Gavana Greg Abbott akaitia saini Juni mwaka huo. Ili uielewe fomu yako, inafaa ujue sheria ilianzia wapi, maana ilianzia kwenye ardhi kavu ya mpakani na Mexico, mbali kabisa na chumba chochote cha umeme.

Kwenye kaunti ya Val Verde, karibu na mji wa Del Rio, kampuni iitwayo GH America Energy ilikuwa imenunua ekari zaidi ya 130,000. Ukiwa na picha ya mkoa wa Dar es Salaam kichwani, hiyo ni zaidi ya theluthi yake. Mwenye kampuni mama ni Sun Guangxin, tajiri wa Xinjiang aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la China. Alitaka kujenga mitambo ya upepo na kuiunga kwenye gridi ya Texas, yaani mtandao wa umeme wa jimbo. Jirani yake ni kambi ya Laughlin, ambako jeshi la anga la Marekani linafundisha marubani. Wenyeji walikuwa na hofu yao tofauti, ya Mto Devils, ambao maji yake ni miongoni mwa maji safi kabisa jimboni. Serikali kuu ya Marekani iliupitia mradi kupitia kamati yake ya uwekezaji wa kigeni na haikuuzuia. Texas ikasema: basi tutazuia sisi. Mradi ule wa upepo baadaye ulikwenda kwa kampuni ya Hispania, Greenalia.

Kuna jambo la pili, ambalo wengi hawaliunganishi na sheria hii, lakini mimi nilikuwa hapa na naliunganisha. Februari 2021, miezi michache kabla ya saini ya gavana, ilikuja baridi ile ambayo hata wewe nadhani unaikumbuka. Usiku wa kuamkia tarehe 15, masafa ya umeme ya gridi, yaani mapigo yake kwa sekunde, ambayo hutakiwa kuwa hezi 60, yalishuka chini ya hezi 59.4 na kubaki huko kwa dakika 4 na sekunde 23. Yangefika dakika 9, mitambo mingi ingejizima yenyewe na jimbo karibu zima lingeingia gizani kwa muda ambao hakuna anayeujua. Tulibakiza dakika 4 na sekunde 37. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zilikatiwa umeme, na hesabu ya jimbo ilitaja watu 246 waliofariki. Uchunguzi ulikuta nini? Visima vya gesi, mabomba na mitambo vilivyoganda. Hapakuwa na Mchina wala Mrusi. Hata hivyo Wabunge walikuwa wameonja kifo cha gridi, na mswada wowote wenye neno ulinzi ulipita kwa urahisi. Ukitaka kujua hasira ilifika wapi, kumbuka kwamba iligundulika baadhi ya wajumbe wa bodi ya ERCOT, chombo kinachoendesha gridi hii, wanaishi nje ya Texas. Walijiuzulu, na sheria nyingine ya mwaka huo huo ikataka wajumbe wa bodi wawe wakazi wa jimbo. Kwa wiki zile, mtu wa Michigan naye alikuwa mgeni.

Sasa soma maneno ya sheria pamoja nami, polepole, kwa sababu jibu lako limo humo. Inasema kampuni haitafunga mkataba unaohusu miundombinu muhimu, umeme ukiwemo, na kampuni nyingine kama mambo mawili yametimia kwa pamoja. La kwanza: kwa mkataba huo, kampuni hiyo ya pili ingeweza kuifikia au kuidhibiti miundombinu hiyo, ana kwa ana au kwa mbali. La pili: anayetoa kazi anajua kwamba kampuni hiyo inamilikiwa, au zaidi ya nusu ya hisa zake inashikwa au kudhibitiwa, na raia au serikali ya nchi zile nne, au makao makuu yake yako huko. Limo neno "anajua". Ndiyo maana mkandarasi amekuletea fomu: hataki kesho aambiwe alijua akanyamaza, wala hataki kuulizwa kwa nini hakuuliza.

Upande wako, la kwanza limetimia. Nyaya za mawasiliano kutoka inveta hadi chumba cha udhibiti ni mishipa ya mtambo. Anayezifunga anaufikia mtambo, hakuna ubishi. Kwa hiyo kila kitu kinaangukia kwenye la pili, na la pili linahesabu hisa. Mwenzako ana 45. Sehemu kubwa ni yako, 55, na wewe si raia wa nchi yoyote kati ya hizo nne. Kwa hesabu hiyo peke yake, kampuni yenu haimo.

Lakini tulia kwenye neno "kudhibitiwa", maana hapo ndipo wenzetu wenye kampuni ndogo wanapojikwaa. Toeni ule mkataba mlioandikiana mlipoanzisha kampuni. Je, mwenzako ana haki ya kuzuia uamuzi wowote? Je, yeye peke yake ndiye mwenye saini benki, au ndiye aliyeandikwa kuwa meneja? Kuna makubaliano kwamba kura yake inahesabiwa mara mbili kwenye mambo ya ufundi? Mtu mwenye 45 anaweza kuwa ndiye anayeshika usukani kwa maandishi bila ninyi kukumbuka kwamba mliandika hivyo. Karatasi hiyo mpelekeeni mwanasheria wa biashara wa hapa Texas, mlipe saa yake moja, mwulize swali hilo moja. Mimi ni mhandisi, naweza kukuonyesha lilipo shimo, lakini kulipima ni kazi yake. Na kama mlikuwa na mpango wa kugawana nusu kwa nusu mwakani, mwulizeni pia kuhusu hilo kabla hamjaandika chochote.

Nitasema jambo moja ambalo linanikera, na nalisema kwa dhati. Sheria hii imepima kwa uraia. Mwirani aliyekimbia serikali ya kwao, akaapa hatarudi, akalipa kodi Fort Worth miaka yote hii, bado ni raia wa Iran. Angekuwa na 51 badala ya 45, angehesabiwa pamoja na serikali ileile aliyoikimbia. Waliotunga sheria ya ardhi ya 2025 waliliona hili wakaweka msamaha kwa wenye makazi ya kudumu. Waliotunga hii ya umeme walipaswa kufanya vivyo hivyo. Ninyi mliowahi kuishi kambini mnajua kuhesabiwa kwa karatasi ya nchi uliyoikimbia kunavyouma.

Mwaka 2023 Bunge liliongeza meno. Sheria mpya ilisema hakuna kampuni itakayosajiliwa ERCOT, au kubaki imesajiliwa, bila kuthibitisha kwa maandishi kwamba inafuata ile ya 2021. Ikataka pia kila aliyesajiliwa aripoti manunuzi ya vifaa na huduma muhimu za gridi kutoka kampuni za nchi hizo nne, na athibitishe kwamba manunuzi hayo hayaipi kampuni hizo uwezo wa kuufikia au kuudhibiti mtambo wake. ERCOT ikiwa na shaka ya msingi, inaweza kumsimamisha mtu mara moja. Ninyi hamjasajiliwa ERCOT na hamhitaji kusajiliwa. Kufunga sola za juu ya paa za watu hakumfanyi fundi kuwa mshiriki wa soko la umeme. Aliyesajiliwa ni mwenye shamba lile la sola. Yeye anajaza zake, anamsukumia mkandarasi mkuu, mkandarasi anakusukumia wewe. Karatasi imeteremka ngazi tatu hadi mezani kwako, ndiyo maana imefika ikiwa na sura ya kutisha.

Angalia sasa kitu kimoja. Sheria hazikusema usinunue kifaa cha China. Zimesema ripoti, na hakikisha aliyekuuzia habaki na ufunguo. Tofauti hiyo ndiyo inanileta kwenye vile vifaa vyenu vya kukusanyia data, na hapa naomba unisikilize zaidi ya kwingine kote.

Siku moja nilikuwa kwenye chumba cha udhibiti cha shamba la sola magharibi mwa jimbo hili, nimekwenda kukagua relei za ulinzi, vifaa vinavyoamuru umeme ukatwe hitilafu ikitokea. Kijana wa zamu alikuwa amesimama kando yangu ameshika kahawa. Kwenye skrini mbele yetu, kishale cha kipanya kikaanza kutembea. Hakuna aliyekigusa. Kikafungua ukurasa wa inveta namba saba, kikashuka kwenye orodha, kikabonyeza. Nikamtazama kijana, akasema, "Usijali, hao ni wa kiwandani, wanasasisha programu." Nikamwuliza ni nani amewafungulia mlango. Hakujua. Tulipofuatilia, tulikuta mlango ule ulifunguliwa siku mtambo ulipowashwa mara ya kwanza, na haukufungwa tena. Nywila ilikuwa ileile iliyobandikwa kwenye kibati cha kifaa. Sitataja kiwanda, na nchi yake haikuwa mojawapo ya zile nne.

Nilipata baridi mgongoni kwa sababu nilikuwa nimesoma kuhusu Ukraine. Tarehe 23 Desemba 2015, waendeshaji wa kampuni ya umeme ya magharibi mwa nchi ile waliona kishale chao kikitembea vivyo hivyo, kikafungua breka, yaani swichi kubwa za kukata umeme, moja baada ya nyingine mbele ya macho yao, na wao hawana la kufanya. Wateja wapatao 225,000 wa kampuni tatu walikatiwa umeme. Waliovamia hawakuwa na hisa hata moja wala mkataba wowote. Walikuwa na nywila.

Kile kisanduku chako cha kukusanyia data, ambacho bei yake haifiki hata ya seti nzuri ya bisibisi, kina kazi mbili. Kinasoma inveta: volti, joto, nguvu inayotoka. Halafu kinapeleka masomo hayo kwenye seva ya kiwanda, ili mwenye mtambo aone kwenye simu. Aina nyingi zinakubali pia amri kurudi kinyume: punguza nguvu, zima, badilisha mpangilio. Kisanduku cha namna hiyo kikiwa juu ya paa la mtu mmoja, ni jambo la mtu mmoja. Vikiwa vingi kwenye shamba la megawati nyingi, vyote vinapokea amri kutoka seva moja, aliyeshika seva anaweza kuondoa nguvu nyingi kwenye gridi kwa mpigo mmoja, na masafa yale niliyokusimulia ya 2021 yakayumba. Mei 2025 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba wataalamu Marekani wamekuta ndani ya baadhi ya inveta za China vifaa vya mawasiliano ambavyo havimo kwenye hati za bidhaa. Sisemi vyako vinavyo. Nasema fungua uangalie.

Na sheria ya Texas ina tundu hapa, tundu pana. Inasamehe ufikiaji ulioruhusiwa mahsusi kwa ajili ya waranti na huduma baada ya mauzo. Naelewa kwa nini. Bila hivyo hakuna kiwanda ambacho kingekubali kuuza. Lakini kishale nilichokiona kikitembea kilikuwa cha waranti. Lithuania walikwenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe: Novemba 2024 bunge lao lilipitisha sheria, ikaanza kutumika 1 Mei 2025, kwamba watengenezaji wa China wasiwe na uwezo wa kuingia kwa mbali kwenye mitambo ya sola, upepo na betri inayozidi kilowati 100. Paneli nunua, inveta nunua, ufunguo baki nao wewe. Ningekuwa natunga sheria, ningeanzia hapo, na ningeifanya iwahusu watengenezaji wote.

Uliuliza pembeni kama jimbo lina haki ya kuwa na siasa zake za nje. Ni swali zuri. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kauli moja, iliifuta sheria ya jimbo la Massachusetts iliyowabana wafanyabiashara wenye uhusiano na Burma (Myanmar), kwa kuwa iligongana na vikwazo vilivyowekwa na Bunge la nchi. Kwa hiyo jimbo likijitungia sheria zinazotaja nchi kwa majina linatembea kwenye barafu nyembamba. Texas ina kitu cha pekee cha kujishikia: gridi yake kwa sehemu kubwa haijaungana na ya majimbo jirani, na tangu sheria ya umeme ya 1935 wenye mitambo hapa wamekwepa kuvusha umeme mpakani ili wasisimamiwe na serikali kuu kwenye mambo ya soko. Na serikali kuu yenyewe imesitasita. Mei 2020 Rais Trump alitoa amri ya kuzuia vifaa vya mataifa hasimu kwenye gridi kubwa. Biden aliisimamisha kwa siku 90 siku alipoapishwa. Kabla ya hapo, 2019, transfoma ya China yenye uzito wa zaidi ya tani 200 ilikamatwa bandarini Houston na kupelekwa maabara ya Sandia, New Mexico, na umma haujaambiwa kilichokutwa ndani. Wakubwa wakikaa kimya hivyo, majimbo yatatunga yao, na karatasi zitaendelea kumfikia fundi.

Basi fomu yako ijaze hivi. Kwenye umiliki, andika ukweli wote: majina yenu mawili, 55 na 45, uraia wa kila mmoja, na uambatanishe mkataba wa kampuni baada ya mwanasheria kuuona. Usimfiche mwenzako. Atakayegundua jina lililofichwa hatauliza tena kuhusu hisa, atauliza kwa nini ulificha. Kwenye makao makuu, andika Fort Worth.

Kwenye vifaa, andika jina la kiwanda na pia jina la duka lililowauzia, mfano na namba za kila kisanduku. Kisha kaa na mhandisi wa mkandarasi mkuu umwombe mambo matatu kwa maandishi. Visanduku viongee na kompyuta iliyomo ndani ya shamba tu, bila njia ya kwenda seva ya kiwanda. Nywila za kiwandani zibadilishwe siku ya kuvifunga, na zikabidhiwe mwenye shamba. Fundi wa kiwanda akihitaji kuingia kwa waranti, afunguliwe na mtu wa zamu, atazamwe akifanya kazi, na afungiwe akimaliza, na saa ziandikwe daftarini. Mhandisi akikuambia visanduku hivyo haviwezi kuishi bila seva ya kwao, usivifunge kwenye shamba hilo. Virudisheni dukani.

Kabla ya kuvipeleka popote, fungua kimoja mezani. Tafuta kile kibao kidogo chenye soketi ya laini ya simu au antena fupi nyeusi. Kikiwepo na hakimo kwenye kitabu cha maelezo, kipige picha pamoja na namba iliyoandikwa juu yake, uiambatanishe na fomu.